Safu ya Themanini

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kwamba masikio hayajazidi kuziba. Nilitaka kupiga simu, nikakumbuka mara ya mwisho tulivyopigiana kelele dakika kumi nzima, mimi nakuambia nimepata cheo, wewe unanipa pole ya msiba. Bora karatasi.

Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua, lakini ukimwambia akae anakujibu kwamba kukaa ndiko kunakomuumiza. Tangu astaafu uuguzi amegeuka muuguzi wa mtaa mzima. Mwenye kikohozi, mwenye jipu, wote wanapanga foleni mlangoni kwetu, na akikosa mgonjwa ananipima mimi presha. Nilimwambia nakuandikia. Alisema, "Haya," akaendelea kupasi. Unajua alivyo. Hajanikataza hata siku moja kukuandikia, lakini hajawahi kuniuliza umejibu nini.

Sasa habari yenyewe. Nimehamishiwa kwenye ukumbi wako. Ndiyo, ule ule wa Idara ya Kumbukumbu za Wagonjwa, chini ya ngazi, mlango wa chuma unaojifunga wenyewe. Bado ni baridi kama jokofu. Mashine kubwa ya sasa ni mjukuu wa ile ya kwenu, imesimama kama makabati mawili meusi ya nguo, lakini ndani yake bado zinazunguka programu mlizoandika nyie. Hospitali zote zinaiuliza: mgonjwa huyu ni damu gani, dawa ipi haimfai. Inajibu kabla hujapepesa jicho.

Kazi niliyopewa ni kuhamisha huduma zote hizo ziende kwenye Linux. Mashine inabaki ileile, tunachobadilisha ni mfumo unaoiendesha. Linux imetungwa na maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja anaongeza kipande chake na kukitoa bure. Halafu yako makundi yanayokusanya vipande hivyo, kuvipanga na kuvifunga pamoja, kila kundi na toleo lake. Tumechagua toleo moja lililotengenezwa hadi kwa mashine kubwa kama hii. Ndani ya kabati moja naweza kuwasha Linux arobaini, kila moja ikidhani iko peke yake nyumbani. Kuzaa moja mpya ni dakika tano.

Kitu kimoja kimenitoa jasho kwenye baridi ile. Nimevuta faili la kwanza kutoka upande wa zamani, limekuja vurugu tupu, kama paka amekanyaga kibodi. Wewe uliyenipa jina la Mama Maswali, ulikuwa unasomaje haya?

Mpwa wako,
Mama Maswali

19 Februari

Mpwa wangu Mama Maswali,

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, ya kwanza nimesimama pale posta kwenye foleni, watu wananipita. Mimi ni mzima. Sikio la kushoto limeshaaga, la kulia linafungasha. Miaka ishirini na tisa ya mafeni yale ya mashine si mchezo. Jirani yangu fundi viatu akitaka kuongea nami ananivuta shati kwanza, kisha anaandika kwa chaki kwenye ubao wake.

Nimefurahi kwamba umeshuka zile ngazi. Nilikaa na furaha hiyo siku nzima, jioni ikaja hofu kidogo, sijui kwa nini. Uzee huo.

Kuhusu vurugu yako. Ukitafuta kosa kwenye faili hutalipata, kwa sababu liko sawa. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Sisi kwetu A ilikuwa namba mia moja tisini na tatu. Hao wenzako wa Linux A yao ni sitini na tano. Herufi ile ile, namba mbili. Kwa hiyo kila faili lazima lipite kwa mkalimani kabla ya kuvuka, na mkalimani huyo umkague, maana wapo wanaotafsiri maneno vizuri na kuharibu tarakimu. Kwenye kabati la chini la ofisi ya zamu kulikuwa na jedwali langu la kutafsiri, nimeliandika kwa mkono. Kama panya hawajalila, ni lako.

Hao maelfu wa Linux wamenishangaza. Ina maana mtu asiyemjua mwenzake anaruhusiwa kugusa kazi yake? Na akikosea, nani anajua ni yeye?

Mpe mama yako salamu zangu. Akizipokea, niambie. Asipozipokea, niambie pia.

Mjomba wako

7 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Panya hawakulila. Jedwali lako lilikuwa chini ya daftari la zamu la mwaka ambao mimi sijazaliwa, na mafaili sasa yanavuka safi. Ofisi nzima inaniita mchawi, nami sijawaambia kwamba mganga ni wewe.

Mama nilimpa salamu zako. Akasema, "Mwambie avae sweta." Sijui kama huko ni kupokea. Goti limevimba tena.

Uliuliza akikosea mtu, nani anajua. Kwenye Linux wote wanajua. Kila badiliko linahifadhiwa na jina la aliyelifanya, siku, na maelezo ya sababu. Hakuna kinachofutwa. Unaweza kurudi nyuma miaka ishirini ukamkuta mtu kaandika: hapa nilikosea, nasahihisha. Mimi mwanzoni niliona aibu kuandika hivyo hadharani. Sasa nimezoea.

Lakini nina jambo linaninyima raha, na naomba unisaidie.

Programu yenu inayojibu kundi la damu ina kipande kimoja ambacho maandishi yake hayapo tena. Kinafanya kazi, ila hakuna anayejua kimeandikwa nini ndani. Kwa hiyo mshauri tuliyeletewa kutoka nje aliandika kipya kwa kufuata kitabu cha maelezo. Tukajaribu wagonjwa elfu moja, majibu yakafanana yote. Watu wakapeana mikono. Mimi sikuridhika. Nikawasha Linux nyingine pembeni, nikaweka humo nakala ya kumbukumbu zote, milioni moja na laki tisa, nikauliza programu ya zamani na mpya swali lile lile kwa kila mtu.

Zimetofautiana kwa watu mia mbili na kumi na wanne.

Kwa hao, programu mpya inataja kundi la damu bila wasiwasi. Ya zamani haitaji. Inaandika maneno mawili tu: PIMA UPYA. Na wote waliandikishwa na hospitali moja, wiki moja, miaka thelathini na minane iliyopita.

Nilimwonyesha mshauri. Akatabasamu. "Umeona? Ya zamani ilikuwa inashindwa, yetu inajibu. Hayo ndiyo maendeleo."

Mkurugenzi alicheka naye. Mimi nilishindwa kucheka. Mjomba, mashine haishindwi kwa watu wa wiki moja tu. Wewe ulikuwepo. Kwa nini inakataa kuwajibu hao? Tunahamia rasmi tarehe 25 Mei.

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa mvua imenyesha siku nne, ukuta wa jikoni umelowa, nimehamisha jiko sebuleni. Sweta nimevaa.

Hayo unayouliza ni ya zamani sana. Zile programu ziliandikwa na watu wengi kwa haraka, nyingine zina ukaidi wake, na mimi siwezi kukumbuka kila kitu. Usijipe presha. Wengi wa watu hao hawafiki hospitali hata mara moja kwa miaka kumi.

Ila kwa usalama tu, mnapohama msiikate safu ya themanini. Ibebeni kama ilivyo na muiache itende inavyotenda. Msiulize sana. Vitu vilivyokaa miaka bila kusumbua mtu vina sababu zake.

Umekula vizuri siku hizi? Ulikuwa mtoto wa kusahau kula.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakula. Nakuandikia nikiwa kantini, nimepata meza ya pembeni, chai imepoa mbele yangu.

Katika barua yangu sikuitaja safu ya themanini. Nimeirudia nakala niliyobaki nayo, neno kwa neno. Sikuitaja, kwa sababu nilikuwa siijui.

Baada ya barua yako nikaenda kuitazama. Kila rekodi ina safu themanini, yaani nafasi themanini za herufi, upana wa kadi zenu za zamani za matundu. Kitabu cha maelezo kinasema: safu ya themanini, haitumiki. Ndiyo maana mshauri aliikata. Nimefungua rekodi zote. Kwa watu milioni moja na laki tisa safu hiyo ni tupu. Kwa watu mia mbili na kumi na wanne kuna herufi R. Hata mmoja hajazidi, hata mmoja hajapungua.

Kitabu kile kimeandikwa kwa mwandiko wako.

Nilimuuliza mama. Alikuwa anakunja mashuka. Nikamwambia kuna kitu kwenye kazi ya mjomba sikielewi, cha mwaka fulani, hospitali fulani. Hospitali aliyokuwa akifanya kazi yeye. Alikunja shuka lile mara nne, akalikunjua, akaanza upya.

"Muulize yeye," akasema.

"Nimemuuliza. Anaongelea ukuta wa jikoni."

"Basi muulize tena. Mimi nilichokuwa nacho nilikisema mwaka ule ule, kwa mtu aliyepaswa kukisikia. Na wakati huo masikio yake yalikuwa mazima."

Akaingia chumbani. Hakutoka hadi wakati wa chakula.

Kuna jingine. Mkurugenzi amesogeza tarehe. Wageni wa wizara wanakuja, anataka wakute mfumo mpya umewaka. Tunahama Jumapili tarehe 4 Mei, saa nne asubuhi. Kabla ya hapo kuna karatasi ya kuthibitisha kwamba majibu ni sahihi, na saini inayotakiwa ni yangu.

Niambie R ni nini.

Mpwa wako

17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Siku kumi na tano. Kila nikirudi nyumbani natazama sanduku la barua kabla ya kuvua viatu, na mama anajifanya hanioni.

Nilipata namba ya fundi viatu jirani yako, nikampigia. Nikamuuliza kama unaumwa. Akasema, "Haumwi. Ila sijamwelewa wiki hizi. Kila asubuhi anapita hapa na bahasha mkononi kwenda posta. Baada ya nusu saa anarudi nayo."

Mjomba, nimejaribu kumwambia mkurugenzi tusubiri. Akaniuliza sababu. Nikasema kuna herufi moja siielewi. Akanitazama kwa huruma. "Dada, kila mfumo una uchafu wake. Tukisubiri kusafisha kila doa hatutahama kamwe."

Nilimjibu kwamba sina uhakika kama ni doa. Mshauri akaangalia pembeni.

Ofisi ndogo ya zamu ina dirisha la kioo linaloangalia mashine. Nakaa hapo nafungua rekodi moja moja za watu hao. Mwanamke, mzaliwa wa mwaka fulani. Mwanamume, mkulima. Mtoto mchanga, ambaye sasa ni mtu mzima kunipita. Hospitali nyingi ndogo hazina dawa za kupimia damu kila wakati. Zikikwama, zinaamini tunachoziambia sisi. Kabla ya mwezi huu kuisha natakiwa kusaini. Usiponiandikia, nitasaini au nitakataa bila kujua kwa nini, na yote mawili yananitisha.

Ipeleke hiyo bahasha.

Mpwa wako

23 Aprili

Mwanangu,

Barua hii nimempa fundi viatu aipeleke yeye kwa njia ya haraka, nami nimebaki kwangu, mlango umefungwa, ili nisimfuate njiani.

R ni Rudia. Niliiweka mimi.

Wakati huo kila mgonjwa alikuwa na kadi mbili, moja ya jina na moja ya majibu ya maabara, zinapangwa sambamba kwenye trei mbili. Mimi nilikuwa mtu wa kadi. Walikuwa wananiita Bwana Kadi, na nilijivuna, maana nilikuwa nazilisha kwenye mashine haraka kuliko yeyote. Siku moja ya wiki ile nilibeba trei zote mbili kwa pamoja ili nisirudi mara ya pili. Nilijikwaa kwenye kigae cha sakafu kilichoinuka. Trei ya majina ilibaki mkononi. Ya majibu ilimwagika.

Nilizikusanya. Nilidhani nimezipanga sawasawa. Kadi zilikuwa na namba ndogo pembeni, kuzikagua kungechukua kutwa nzima, na mkuu wa zamu alikuwa anasubiri. Nikazilisha. Siku mbili baadaye kadi za wiki hiyo zikachomwa, kama ilivyokuwa kanuni.

Siku ya kumi na moja mama yako alikuja ukumbini. Hakuwa amewahi kufika kazini kwangu. Alikuwa na sare ya kazi, hajabadilisha. Alisema, "Kaka, mashine yenu imeniambia mama mmoja ni damu kundi A. Hakuwa A." Nikamuuliza kama mgonjwa yuko salama. Akatikisa kichwa.

Nilitafuta nikagundua kwamba kadi zimesogea. Wapi zimesogea kwa nafasi moja na wapi kwa nafasi tano, sikuweza kujua, na kadi zilikuwa majivu. Wengine majibu yao ni sahihi, wengine ni ya jirani yao kwenye trei. Sikuweza kuwatofautisha. Nikawawekea wote alama, nikaandika kile kipande cha programu kwamba ikiona alama isitaje kundi, iseme PIMA UPYA. Kisha nikachana maandishi yake. Kwenye kitabu nikaandika: haitumiki.

Wakipimwa upya, jibu lilibaki kwenye faili la hospitali. Kulirudisha kwetu kulitaka fomu inayoeleza kosa lilitokeaje. Fomu hiyo sikuijaza.

Hospitali nao walifanya uchunguzi wao. Wakaona lazima aliyekosea ni bwana wa maabara. Wakamfukuza kazi. Mama yako alinijia mara ya pili. Akasema, "Nenda ukaseme." Nilimwomba anyamaze. Nilimwambia nina kazi, nina mke mjamzito, nimeshaziba shimo, hakuna mwingine atakayeumia. Alinyamaza kwa ajili yangu, na tangu siku hiyo ndio hivyo unavyotuona, tunasalimiana misibani.

Nimejiambia miaka yote hii kwamba alama ile imeokoa watu. Ni kweli imeokoa. Lakini ulipoandika kwamba hao wenzako huweka jina na sababu kwa kila kosa, nilikaa kitandani nusu siku. Mimi niliandika herufi moja.

Usisaini. Waonyeshe barua hii. Jina langu kamili na namba yangu ya utumishi nimeviandika nyuma ya karatasi.

Mjomba wako

6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika Jumatatu tarehe 28. Nimechelewa kukujibu kwa sababu tangu siku hiyo sijapata saa moja ya kukaa chini, na pia, nikisema kweli, sikujua nikuandikie nini. Nina hasira nawe. Nakupenda pia. Vyote viko, na sijui vitapangana vipi.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na barua. Aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Mshauri alikuwepo.

"Nani mwingine ameiona?" mkurugenzi akauliza.

"Bado hakuna."

"Inaweza kubaki hivyo kwa wiki moja? Wageni waje, waondoke, halafu tushughulike kimyakimya."

Mjomba, nilielewa pale pale jinsi ulivyoingia. Hakuna aliyeniambia nitende ubaya. Niliombwa wiki moja tu, na mtu muungwana, kwa sauti ya upole. Nikamwambia karatasi ya kuthibitisha sitaisaini, na kwamba nimeshapeleka maelezo kwenye bodi ya idara asubuhi hiyo. Haikuwa kweli. Nilitoka pale nikaenda kuyapeleka mbio kabla uongo wangu haujapoa.

Mshauri ndiye aliyenishangaza. Alinifuata kwenye korido. "Safu ile niliikata mimi," akasema. "Kitabu kilisema haitumiki, sikuangalia. Nitairudisha leo." Na aliirudisha.

Jumapili hatukuhama. Wageni walikuja wakaonyeshwa makabati. Jana, Jumatatu, tumehama, safu ya themanini ikiwemo. Linux inaendesha kila kitu sasa, na mtu akiuliza habari za wale mia mbili na kumi na wanne, inajibu PIMA UPYA, na chini yake sentensi nzima inayoeleza kwa nini. Badiliko hilo limehifadhiwa kwa jina langu. Kwenye sababu nimeandika tukio lote, na jina lako, kwa sababu uliniruhusu. Ukishabonyeza halifutiki.

Bodi inawatafuta watu hao wapimwe wote. Hadi leo asubuhi wamepatikana tisini na watatu. Thelathini na mmoja damu yao si ile iliyoandikwa. Watakuita utoe maelezo. Sijui watakufanya nini, nimeuliza, hakuna anayenijibu sawasawa. Bwana wa maabara alifariki miaka sita iliyopita. Ana binti. Bodi imemwandikia.

Barua yako nilimsomea mama jikoni. Nilipofika pale ulipomwomba anyamaze, alizima jiko. Nilipomaliza akasema, "Kaandika mke mjamzito. Mbona hakuandika kwamba yule mama wa watu naye alikuwa ametoka kujifungua?"

Nikasema labda hakujua.

"Hakuuliza," akasema.

Nimeamka leo nikakuta anapanga nguo kwenye begi dogo. Nimemuuliza anakwenda wapi na goti hilo. Amevuta zipu. Nakuandikia upesi ili barua imtangulie kufika, lakini kwa anavyofunga zipu ile, sidhani kama itamtangulia.

Mpwa wako

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Haikumtangulia. Mama yako alifika Alhamisi ile mchana. Aligonga, mimi sikusikia. Aligonga sana, hadi fundi viatu akaacha kazi yake akaja kumwonyesha mlango wa nyuma. Niligeuka nikamkuta jikoni kwangu, anatazama ukuta uliolowa, begi bado begani. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta sweta. Sijui niliwaza nini.

Amekaa siku kumi na sita. Mwanzoni tulishindwa kuongea kwa sababu ya masikio yangu, na pia kwa sababu nyingine. Siku ya pili akachukua daftari, akaanza kuandika maswali, nami nikawa nayajibu kwa mdomo. Alikuwa ameyaweka miaka thelathini na minane, hajasahau hata moja. Tumejaza kurasa ishirini na sita. Mengine yalinichukua kutwa kuyajibu. Moja nilimwambia sina jibu, akaandika, "Hilo nalo ni jibu," akafungua ukurasa mwingine.

Bodi wamenihoji mara mbili. Aliandamana nami, akaniandikia maswali yao yote. Alipoulizwa yeye ni nani, alisema, "Mimi ndiye muuguzi aliyejua akanyamaza. Niandikeni na mimi." Sikulisikia hilo, nililisoma baadaye kwenye karatasi zao. Uamuzi bado. Naambiwa huenda wakanipeleka mahakamani, huenda wasinipeleke kwa umri wangu. Moyo unadunda kila gari likisimama nje. Zamani ulikuwa unadunda hata lisiposimama gari lolote.

Binti wa bwana wa maabara hajajibu. Ana haki.

Mama yako anasema nimeandika vya kutosha, anataka kalamu.

Mwanangu, ni mimi. Goti liko vile vile. Kuna dawa kwenye droo yangu ya juu, kampe mama wa nyumba ya pembeni, alikuwa anaisubiri.

Yule mwanamke alikuwa kitanda cha saba. Mimi ndiye niliyeitundika damu ile, kwa mkono wangu, baada ya kusoma karatasi ya mashine. Hilo sikukuambia wewe, na kaka yangu sikumwambia pia. Nilimwachia aubebe mzigo wote kwa sababu na mimi ulikuwa unanilemea. Nimemwambia juzi. Alinishika mkono tukakaa.

Jina lake nilikuwa nalo siku zote. Mjomba wako hakuwahi kuniuliza, basi sikumpa. Jana ameniuliza. Nimeliandika kwenye daftari, akalisoma kwa sauti, akakosea, nikamsahihisha, akalisoma tena.

Mtoto wake aliishi. Nimekuwa nafuatilia habari zake kwa mbali tangu akiwa darasa la kwanza. Ni fundi umeme, ana watoto wawili, nyumba yake ina geti la kijani. Kesho asubuhi tunakwenda kwake, mimi na mjomba wako. Hatujui tutaanza na neno gani, na yeye hajui kwamba kuna wazee wawili njiani wanakuja.